Mtamba wa Chuma

Nilimtoa mtamba wa baba nikachukua pikipiki iliyokufa, na mpaka leo, meno ya mbele yakiwa yamekwisha yote, sijaomba radhi. Nalisema hili mapema kwa sababu wajukuu zangu wakisimulia habari hii hunitia majuto ambayo sikuwa nayo. Hofu nilikuwa nayo, tena tele. Majuto, hapana.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimemaliza miaka mitatu kwenye mgodi wa dhahabu huko Geita, si chini ya ardhi bali karakanani, nikiosha vipuri kwa mafuta ya taa na kumshikia spana fundi mkuu. Fundi huyo alikuwa mtu wa Nyasa, mzee wa kucheka kidogo, aliyezungumza na injini kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. Nikarudi nyumbani Didia pamba ikiwa inapaliliwa. Baba alifurahi. Akaniita zizini, akanionyesha mtamba mweusi mwenye tumbo jeupe na doa jeupe kwenye paji la uso, akasema huyo ni wangu, mwanzo wa kundi langu. Kwetu Usukumani baba akikupa mtamba hakupi nyama wala maziwa. Anakwambia kwamba sasa wewe ni mtu.

Wiki tatu baadaye nilimswaga yule mtamba hadi Maganzo.

Pale Maganzo palikuwa na mchuuzi mwenye duka kando ya barabara, anawauzia wachimba almasi sukari na sabuni. Nilipopita nikitoka Geita nilikuwa nimeiona pikipiki yake, imeegemezwa ukutani, kuku wanatagia chini ya injini. Ilikuwa ya Kiingereza, silinda moja, ya mipigo miwili. Kiti kilikuwa kimeliwa na mchwa na bomba la moshi lilikuwa limetoboka kwa kutu. Lakini nilipoinama nikaona mapezi ya kupozea silinda yamenyooka yote, hakuna hata moja lililovunjika, nami nikapendwa na kile chuma palepale. Nasema nilipendwa, kwa sababu ilikuwa hivyo: kilinitazama.

Mchuuzi alinisimulia kwa fahari jinsi alivyoiua. Mzungu aliyempa alimwelekeza kwamba pikipiki ya namna hii haina mahali pa kutia oili. Oili huchanganywa humo humo kwenye petroli, sehemu moja kwa kumi na sita. Mchuuzi akaona hapo pana ujanja. Kwetu anayechanganya maziwa na maji ni mwizi, sasa huyu anayechanganya petroli na oili ni nani? Akaitilia petroli safi, isiyo na doa, akaiendesha siku nne akijiona mwaminifu. Siku ya tano pistoni ikang'ang'ania ndani ya silinda katikati ya barabara, naye akarushwa kwenye miiba. Tukabadilishana. Yeye alifunga mtamba, mimi nikafukuza kuku.

Niliisukuma siku tatu kutoka Maganzo hadi Didia. Sijui kama umewahi kupita vijijini ukisukuma kitu ambacho wenzako hupanda. Pale Shinyanga mjini walinicheka kwa adabu. Nje ya mji walinicheka bila adabu. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji kisimani aliniuliza kama chombo kile ni cha kupanda au ni cha kuswaga. Nikamwambia kwa leo ni cha kuswaga.

Nilifika nyumbani asubuhi. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi. Nikaiegemeza pikipiki, nikapiga goti, nikamwamkia kama tunavyoamkia: "Mwangaluka, baba."

Alikitazama kile chuma. Kisha akatazama barabara nyuma yangu, kwa muda mrefu, kama kwamba mtamba alikuwa amechelewa tu kidogo na angetokea kwenye kona. Hakuitika. Akageuka akamwambia mama, mimi nikiwa hapo hapo: "Mtamba huzaa. Mwulize mwanao hicho chuma kitazaa nini."

Basi. Tangu asubuhi hiyo baba hakuitikia salamu yangu. Hakunifukuza wala hakuninyima chakula, na hata kunitukana hakunitukana, ingawa ningeshukuru angenitukana. Kila kulipokucha nilikwenda, nikapiga goti, nikasema mwangaluka, naye akawatazama ng'ombe. Kwetu salamu ya mtoto hujibiwa hata na baba mgonjwa mahututi. Mtu ambaye salamu yake hairudi ni kama hajazaliwa. Nilikuwa na umri wa kuoa, nimeona umeme, nimekula nyama ya kopo Geita, lakini kila asubuhi nilipoinuka kutoka pale nilijiona mdogo kuliko ndama. Nilichokitaka duniani kilikuwa neno moja tu.

Kwa kuwa sikujua njia nyingine ya kulipata, nikaanza kazi.

Niliipasua injini chini ya upenu wa nyumba ya mama. Kwanza nilimimina mafuta ya taa ndani ya silinda nikayaacha siku saba, nikiongeza kila yalipokauka. Siku ya nane nikaweka gogo la mti mgumu juu ya pistoni, nikagonga kwa nyundo ya mti. Haikusogea. Nikagonga tena, nikakasirika, na kwa kuwa nina hasira za karibu nikairusha spana kwenye shamba la pamba. Niliitafuta mchana kutwa, nimeinama mstari hadi mstari, mama akipita na kuniuliza kama ninapalilia. Niliporudi na spana nikapiga pigo moja tu, la hasira zilizobaki, na pistoni ikashuka upana wa kidole. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Ilitoka imekwaruzika upande mmoja na ringi zote mbili, zile pete zake za kuziba, zimevunjika. Pistoni niliisugua kwa majivu laini na kitambaa chenye mafuta hadi ikawa kama kijiko. Ringi zilinilazimu kurudi Geita. Nilipanda malori, nikavuka ziwa, nikafika karakanani nikamwambia fundi wangu shikamoo. Akasema marahaba. Nilikuwa nimesahau ladha ya kuitikiwa. Akaniuliza kulikoni. Nikamweleza yote, pamoja na habari za baba. Alikwenda kwenye rundo la vyuma chakavu akachomoa ringi za pampu ya maji iliyokufa, nene kidogo kuliko zangu, akanipa na tupa ya kuzipunguzia, na kopo la oili. Nilipokuwa naondoka akaniambia jambo moja, kwamba huko Ulaya wapo wanaoshindana mbio kwa pikipiki za namna hii, na siku ya shindano hawatii oili ya kopo bali mafuta ya mbarika. Nikadhani ananitania. Kwetu mafuta ya mbarika ni ya kulainishia ngozi ya kulalia.

Kilichobaki kikubwa kilikuwa gasketi, kile kizibo bapa cha kati ya silinda na kichwa chake. Ya zamani ilikuwa imeungua ikawa kama jani la tumbaku. Nilijaribu bati, likapasuka. Nilijaribu ngozi, na kwa hilo naomba usinicheke. Mama alikuwa amekaa akichambua mchicha, ananitazama nikihangaika na kipande cha duara mkononi. Akavua bangili yake ya shaba nyekundu, ile aliyovalishwa siku aliyoingia katika mji wa baba, akaiweka juu ya silinda. Ilikaa kidogo nje ya ukingo, pande zote sawasawa.

Nilimwambia sitaigusa.

"Imekaa mkononi mwangu miaka yote hii," akasema, "haijawahi kunifanyia kazi yoyote."

Nikaichoma motoni hadi ikawa nyekundu, nikaitumbukiza kwenye maji, nikaiponda taratibu juu ya kipande cha reli, nikaichoma tena, nikaiponda tena. Shaba ikifanyiwa hivyo hulainika. Baada ya siku mbili bangili ya mama ilikuwa duara bapa jembamba, na nilipokaza kichwa cha silinda juu yake haikuvuja. Nilisafisha platini za kutoa cheche kwa msasa, nikafungua kabureta nikatoa buibui wawili waliokufa, nikatia mchanganyiko wa petroli na oili ya fundi. Baba alikuwa amekwenda mnadani. Nilipiga kiki mara nyingi hadi mguu ukafa ganzi, halafu ikawaka. Iliwaka kidogo tu, ikajaa moshi chini ya upenu, kuku wakaruka juu ya paa, na mama akasimama ameshika kiuno akitikisa kichwa kama anayesikia habari za harusi.

Sasa lazima nieleze baba alikuwa nani. Baba alikuwa ningi, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo wa kundi letu la ngoma. Baada ya mavuno, makundi mawili hukutana uwanja mmoja katika mbina, kila moja na ngoma zake na upande wake. Hakuna hakimu. Watazamaji huchagua kwa miguu: jua likizama, upande uliojaza watu ndio ulioshinda. Kwa hiyo kila kundi hutafuta kituko cha kuwavuta. Mwaka uliotangulia, wapinzani wetu kutoka upande wa Mhunze walikuja na chatu mnene kama paja la mtu mzima, wakamchezesha mabegani, na baba akabaki akiimbia mbwa na watoto. Mpaka mvua zikanyesha alikuwa akimsema yule chatu.

Mama alijua wakati wa kusema. Jioni moja, baba akiwamba ngoma, akamwuliza: mwaka jana walikuja na chatu, mwaka huu wewe utakwenda na nini? Baba akaivuta ngozi ikakaza. Mama akamwambia kile chuma kimeunguruma, yeye amekisikia kwa masikio yake. Mimi nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka hapo, nikijifanya nasafisha mnyororo.

Baba alimjibu yeye, si mimi. "Kikinguruma mbele ya watu, nitasema na mwanao. Kikinyamaza, kirudi Maganzo, na mtamba wangu arudi."

Nilikuwa na majuma mawili kabla ya mbina. Nilichofanya katika majuma hayo bado najivunia kuliko nyumba niliyokuja kujenga baadaye. Nilimfanyia kazi mchinjaji mmoja akanipa ngozi nyeusi yenye mabaka meupe. Niliivika pikipiki hiyo ngozi ingali mbichi, nikaishona kwa kano, ikakauka ikabana. Baka moja jeupe nililiweka mbele ya tangi, mahali penye paji la uso, na jingine refu likaenda chini kwenye tumbo. Kwenye usukani nikafunga pembe mbili, kwenye madigadi ya nyuma mkia, na kwenye gurudumu la mbele njuga za miguuni za wachezaji. Bomba la moshi nililitengeneza upya kwa bati la debe, jembamba mwanzoni, likapanuka mwishoni kama tarumbeta, ili sauti itoke nzito. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua kumi nikaitazama. Alikuwa yeye. Alikuwa mtamba wangu, amesimama kwenye magurudumu.

Siku ya mbina niliificha nyuma ya kihenge cha nafaka kilichokuwa kando ya uwanja, nimeifunika mikeka. Nilikuwa nimeliacha tangi tupu ili lisivuje, na petroli nimeiweka kwenye debe. Kopo la oili nilikuwa nimeliacha na mizigo ya kundi. Jua lilikuwa limepita utosi nilipokwenda kulichukua. Lilikuwa tupu, limefutwa hadi ndani kwa kidole.

Nikageuka nikawaona wachezaji wetu. Waling'aa. Walikuwa thelathini na kitu, wamejipaka kuanzia shingo hadi visigino, misuli yote inameremeta kwenye jua. Mchezaji wa ngoma akiona mafuta siku ya mbina haulizi ni ya nini. Mmoja wao akanishika bega, akanishukuru, akaniambia mafuta yangu ni mazuri sana ila yananuka kidogo.

Nilitaka kumpiga. Nakiri kabisa, nilikunja ngumi. Kutoka ng'ambo ya uwanja nilisikia kelele za watu. Chatu alikuwa ametolewa. Upande wetu watu walikuwa wanainuka mmoja mmoja wakivuka kwenda kumtazama. Baba alikuwa anaimba, sauti imeanza kukwaruza, na kila mara aligeuka kuangalia kihenge. Bila oili pikipiki ingekwenda kidogo, kisha ingekufa ilivyokufa Maganzo, mbele ya watu wote, na bangili ya mama ingeenda bure.

Mama alikuwa karibu na ngoma, na kibuyu chake cha mafuta ya mbarika, anazilainisha ngozi zilizokazwa na jua. Ndipo nikamkumbuka fundi wa Geita. Nikamwuliza mama kama bado yamebaki. Akanitazama, akakitazama kihenge, akaelewa. Nikamwambia sina hakika kama yatafaa.

"Yanalainisha ngozi iliyokauka miaka kumi," akasema. "Yatashindwaje na chuma?"

Mafuta ya mbarika na petroli havipendani, ukiviacha vinatengana. Nilipima sehemu moja kwa kumi na sita ndani ya kibuyu kikubwa, nikakitikisa kwa nguvu zangu zote, na mama akapokea akakitikisa kwa mdundo wa ngoma. Tukamimina haraka. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena, na tena. Nikachomoa plagi, imelowa. Nikaichoma kwenye moto wa kuwambia ngoma hadi haikushikika, nikairudisha nikiungua vidole, nikapiga kiki.

Ilinguruma.

Nilitokea nyuma ya kihenge na wingu la moshi mweupe, njuga zinalia, pembe mbele. Wale wachache waliobaki upande wetu walikimbia. Sisemi uongo: akina mama walibeba watoto, wazee waliacha viti, na mchezaji mmoja anayeng'aa aliruka ua. Nikadhani nimemaliza ngoma ya baba kwa mkono wangu. Lakini Msukuma akikimbia kitu lazima ageuke akione. Waligeuka. Wakaona ng'ombe mweusi mwenye paji jeupe, amepandwa na mtoto wa ningi, anazunguka uwanja akilia kwa sauti ya fahali. Kisha moshi ukawafikia. Mafuta ya mbarika yakiungua hayanuki kama oili; yana harufu tamu, ya kukufanya uvute pumzi mara ya pili. Walivuta. Wakarudi, kwanza kumi, halafu mia, halafu sikuweza tena kuona mwisho wao.

Ng'ambo, chatu alihisi mtetemo wa ardhi, akajivuta kutoka mabegani mwa mchezaji wao, akaingia kapuni kwake na kukataa kutoka. Mpaka kesho naona huruma kwa yule nyoka, ingawa si sana.

Na baba? Baba alikuwa amesimama katikati, mkono juu, wimbo umekatika mdomoni. Nilimzunguka mara mbili bila kuthubutu kumtazama usoni. Mara ya tatu akaanza wimbo mpya, usiotungwa na mtu kabla ya hapo, na ngoma zikamfuata: kwamba walimwambia mtamba wake amepotea, kumbe alikwenda Maganzo kunenepa, kwamba amerudi na pembe, anakunywa moto, anajamba asali. Umati uliitikia kwa nguvu hadi sikuisikia injini niliyoikalia. Niliendesha nikilia. Nilisema ni moshi.

Jua lilipozama, upande wa pili palikuwa na ngoma zao, kapu, na wenyewe. Kabla hawajaondoka, mkubwa wao alimfuata baba akamwuliza kwa heshima mganga wetu ni nani, maana moshi ule ulikuwa na dawa ya kuvuta watu ambayo hawajapata kuiona. Nilikuwa hapo karibu, mikono myeusi, vidole vimeungua. Baba alinitupia jicho, kisha akamjibu kwamba mganga wetu ana hasira za karibu na ni vyema asisumbuliwe.

Hilo lilikuwa neno lake kwa mtu mwingine. Bado halikuwa langu.

Asubuhi yake niliamka nikamkuta baba ametangulia. Pikipiki haikuwa chini ya upenu. Alikuwa ameisukuma mwenyewe hadi zizini, ameisimamisha katikati ya ng'ombe, na sasa alikuwa anaifuta umande kwenye lile doa jeupe la tangi kwa kiganja. Nikafika mlangoni, nikapiga goti mahali pale pale nilipopiga goti kwa miezi mitano. Nilikuwa naogopa kuliko siku zote.

"Mwangaluka, baba."

Hakugeuka mara moja. Alimaliza kulifuta doa, akaukung'uta mkono.

"Mwangaluka, mwanangu," akasema. Halafu akainama kuitazama chini ya tumbo, kama alivyowatazama wengine wote kila kukicha, akaniuliza: "Imekula?"

Nikamwambia bado. Akasema basi nisikae hapo chini, niende nikailetee chakula chake, ng'ombe hawangoji.